Riprogramasio ya motere: ile nguvu inatoka wapi, na nani anailipa?

Zamani, mtu akitaka kujua kama garaji ni ya kweli aliangalia funguo zilizotundikwa ukutani na mikono ya fundi. Siku hizi kuna alama nyingine: laptop juu ya kiti cha gari, waya moja imechomekwa chini ya volani, na kijana ambaye hajashika hata funguo moja. Kazi hiyo inaitwa riprogramasio. Ahadi zake ni tatu, na masheferi wengi wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wamekwisha kuzisikia: gari itapanda mlima bila kulia, itakunywa mafuta kidogo, na ile taa ya motere inayowaka kwenye dashibodi itazimika.

Ahadi hizo haziko uongo mtupu. Lakini haziko kweli kwa kila gari, na katika barabara zetu na kwa mafuta yetu zinaweza kugeuka hasara kubwa. Kwa mtu mwenye gari moja ya taksi, motere ikikufa si gari tu imesimama. Ni minervali ya watoto, ni kodi ya nyumba, ni chakula cha jioni. Kwa hiyo ni vizuri kujua yule kijana anagusa nini ndani ya ile laptop.

Kalkilateri inafanya nini

Katika gari za kabureteri, hewa ndiyo ilivuta esansi, na fundi alirekebisha na turnavisi huku akisikiliza sauti. Leo gari karibu zote zinazotoka Japani na Ulaya ziko na kompyuta ndogo katika kisanduku cha chuma. Wafundi wetu wanaiita kalkilateri. Haiko kitu cha jana: kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wake wa elektroniki wa kupuliza esansi mwaka 1967 kwenye gari ya Volkswagen, na mwaka 1979 ikatoa mwingine kwenye BMW, ambamo kompyuta moja ilishika vyote viwili, esansi na moto wa buji. Kwa mazutu, ile sistemu ya komoni-rele ambayo iko sasa karibu kila mahali iliingia kwenye gari ndogo za kuuzwa mwaka 1997, na Alfa Romeo.

Kalkilateri haifikiri. Inapokea habari kutoka kwa kapteri: hewa ngapi inaingia, maji ya motere yako na joto gani, mguu wa sheferi umekanyaga namna gani, oksijeni ngapi imebaki katika moshi. Kisha inaangalia ndani ya majedwali ya namba, na namba inayopata pale ndiyo inatii. Wafundi wanaita majedwali hayo kartografi. Motere ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inafanya milipuko 100 kila sekunde, na kwa kila mlipuko kalkilateri inaamua mafuta kiasi gani yaingie na yawake saa gani. Hakuna turnavisi inayoweza kufuata mwendo huo.

Riprogramasio ni kubadilisha zile namba. Fundi anasoma faili iliyo ndani, anaongeza hapa, anapunguza pale, ao anatuma faili kwa mtu mwingine mbali kwa intaneti amfanyie, kisha anaiandika tena ndani ya kalkilateri. Ni hiyo tu. Pistoni ni ile ile, turbo ni ile ile, freni ni zile zile.

Basi nguvu mpya inatoka wapi? Inatoka katika akiba. Mtengenezaji anajua kwamba motere ileile itauzwa kwa mtu wa Norway anayekaa katika baridi na kwa mtu wa Dubai anayekaa katika joto. Anajua kuna mwenye kufanya vidanji kwa wakati na mwenye kusahau. Anajua mafuta ya pahali pengine ni mabaya. Kwa hiyo hapeleki motere mpaka mwisho wa nguvu yake, anaacha nafasi. Tena wakati mwingine anauza motere moja kwa nguvu mbili ao tatu na bei mbalimbali, na sehemu kubwa ya tofauti iko ndani ya programu. Hapo ndipo laptop inaenda kuchota.

Gari gani inapata, gari gani haipati

Swali la kwanza la kuuliza si bei. Ni hili: gari yangu iko na turbo?

Motere yenye turbo inasukumiwa hewa kwa nguvu. Kalkilateri ndiyo inaamua turbo isukume kiasi gani. Ukiongeza hewa na ukaongeza mafuta, nguvu inapanda kweli. Kwa motere za turbo, wafundi wa kazi hii wanatoa kwa kawaida asilimia 20 mpaka 30 zaidi, na sheferi anaisikia kwenye mpando wa kwanza. Hilux na Prado za mazutu zenye motere ya litri 3 ile wanaita 1KD ziko katika kundi hili: turbo, komoni-rele, kalkilateri.

Motere bila turbo inavuta hewa yenyewe, kama mtu anavyovuta pumzi. Hauwezi kuiandikia pumzi zaidi. Toyota ndogo nyingi za esansi zilizopitia Mombasa ao Dar es Salaam na volani kwa kuume, Probox, IST na ndugu zao, ziko hivyo. Hapo faida ya riprogramasio ni asilimia chache, na mara nyingi sheferi anayesema amesikia tofauti amesikia pedali imefanywa nyepesi tu: ukikanyaga kidogo, kalkilateri inafungua hewa kama vile umekanyaga sana. Gari inaruka mbele, lakini juu ya mlima, pedali ikiwa chini kabisa, nguvu ni ile ya jana. Kulipa dola kwa hiyo, mimi naona ni kulipia hisia.

Na kuna zile Land Cruiser nyeupe za mashirika, zenye motere 1HZ ya litri 4.2 na silinda 6. Hazina turbo, na pompi yake ya mazutu ni ya mekaniki. Hakuna kompyuta inayopima mazutu pale. Mtu akikuambia ataifanyia riprogramasio, kamata funguo yako uende.

Volkswagen ilituonyesha

Kama kuna mwenye kufikiri kwamba programu peke yake haiwezi kugeuza motere, akumbuke mambo ya Volkswagen. Watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia, Marekani, walipima moshi wa gari za mazutu zikiwa barabarani, si ndani ya chumba cha majaribio. Namba hazikupatana na zile za karatasi. Tarehe 18 Septemba 2015, shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira, EPA, likatangaza kwamba Volkswagen iliweka ndani ya kalkilateri programu yenye kutambua kwamba gari iko kwenye kipimo. Iliangalia mambo kama vile mwendo, muda, na volani ikiwa haizunguki. Ikiona ni kipimo, motere inakuwa safi. Ikitoka barabarani, inaachilia, na gazi mbaya ya azoti inapanda mpaka mara 40 ya kipimo cha Marekani. Kampuni ilikubali kwamba gari kama milioni 11 duniani ziliwekewa programu hiyo.

Motere moja, tabia mbili, bila kugusa boloni hata moja. Na kwa nini kampuni kubwa hivyo ilidanganya? Kwa sababu katika motere ya mazutu usafi, nguvu, matumizi ya mafuta na uzima wa piese vinavutana. Ukivuta upande mmoja, mwingine unalegea. Kijana wa laptop katika kartiye yetu anavuta kamba hizo hizo. Tofauti ni kwamba Volkswagen ilikuwa na mainjinia na vyumba vya kupima. Yeye iko na faili.

Hewa yetu, mafuta yetu, mizigo yetu

Hapa ndipo mambo inakuwa ya kwetu kabisa.

Ziwa Kivu iko kwenye mita 1,460 juu ya bahari, na Goma na Bukavu ziko kwenye kando yake ao juu zaidi. Butembo iko juu kupita hapo. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko kwenye bahari. Motere bila turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho, na hakuna laptop ya kuirudisha. Kalkilateri nzima inaona hewa imepunguka, inapunguza na esansi, kazi inaendelea. Sheferi anayeshuka mpaka Uvira, kando ya Tanganyika kwenye mita 770 hivi, anaona gari imekuwa nyepesi. Ni riprogramasio ya bure ya Mungu, na itakwisha akirudi kupanda Ngomo.

Kwa turbo hatari ni nyingine. Ili kupata shinikizo lile lile katika hewa nyepesi, turbo inapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi. Mtengenezaji anajua, ndiyo maana ndani ya kartografi kuna jedwali la mwinuko: ukipanda juu, kalkilateri inapunguza kidogo ili turbo isipasuke. Sasa faili iliyotengenezwa kwa ajili ya gari ya mtu wa Uholanzi, ambako sehemu kubwa ya inchi iko chini ya bahari ao sawa nayo, haikufikiria Butembo. Kama mwandishi wake aliondoa ulinzi huo ili namba ipendeze, turbo yako itaulipa.

Tena mazutu ikiongezwa bila hewa ya kutosha, haiungui yote. Unaona moshi mweusi. Wengi wanaufurahia, wanasema gari iko na nguvu. Moshi mweusi ni mazutu uliyonunua na hukuitumia. Mbaya zaidi, joto katika motere linapanda. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka kwenye digri 660. Kwa kawaida mafuta ya motere yanaipoza, kwa hiyo haifiki pale. Lakini weka Prado iliyoongezewa asilimia 30, watu 9, mizigo juu ya kichwa, filtri ya hewa imejaa vumbi, na mpando wa Kabasha wa dakika nyingi bila kupumzika. Ile akiba ya mtengenezaji ilikuwa ya siku hiyo. Na wewe ulikwisha kuiuza.

Kwa esansi, neno ni oktani. Esansi ya oktani ndogo inaweza kuwaka yenyewe kabla ya wakati, na motere inapiga kelele kama misumari ndani ya bati. Mafundi wa riprogramasio wanapata nguvu kwa kuleta moto wa buji mapema, na hapo ndipo oktani inahitajika zaidi. Huko Japani kuna esansi mbili: ya kawaida, oktani 89 kwenda juu, na ya hali ya juu, 96 kwenda juu. Gari kama Subaru ya turbo ilitengenezwa kwa ile ya pili. Sasa angalia chupa na bidoni za Kadhafi kando ya barabara: nani anajua oktani yake? Nani anajua kama haikuchanganywa na petroli ya taa? Hewa yetu nyepesi inasaidia kidogo gari bila turbo katika jambo hili, lakini gari ya turbo haisaidiwi, kwa sababu turbo inarudisha lile shinikizo.

Sijagusa bado ambreyaji na bwati ya vitesi. Vyote viwili vilipimwa kwa nguvu ya mwanzo. Ambreyaji ya zamani inayoshika vizuri na nguvu ya kiwandani inaweza kuanza kuteleza juma moja baada ya laptop, na mwenye gari anafikiri ni bahati mbaya. Freni na pine ni vilevile. Huko Ulaya malori makubwa yamefungwa na programu yasipite kilometa 90 kwa saa. Mtu anayekuja hapa na kuomba kifungo hicho kiondolewe, kwa lori linalobeba mizigo na watu juu ya mizigo, haombi kazi ya garaji. Anaomba aksida.

Filtri iliyotoshwa na pua zetu

Ahadi ya tatu, ile ya kuzima taa, ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Gari za mazutu za Ulaya za miaka ya karibuni ziko na filtri ya masizi katika bomba la moshi, na valvu inayoitwa EGR. Vyote vinachoka, hasa kama mazutu iko na salfa mingi. Inchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isipite sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, na Ulaya iko kwenye 10. Lakini kutoka kwenye bandari mpaka kwenye tangi yako kuna safari ndefu na mikono mingi. Filtri ikijaa, gari inakosa nguvu, taa inawaka. Filtri mpya ni bei kali. Basi wanaikata, wanatosha yote iliyo ndani, na kalkilateri inaandikiwa isiulize tena filtri iko wapi.

Mwenye gari anapata nafuu ya kweli, siwezi kukataa. Pesa ya filtri inaweza kupita ya motere ya okazio. Lakini masizi hayakupotea, yamehama. Kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliweka moshi wa mazutu mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa hakika. Huko Uingereza, tangu Februari 2014, gari ya mazutu iliyotoka kiwandani na filtri na sasa haina, haipiti kontroli. Kwetu anayeuvuta ni mama anayeuza mandazi kwenye rondi-pwa, ni motari anayengoja mteja, ni mwanafunzi anayetembea kwa miguu kando ya barabara. Hakuna mmoja wao aliyeulizwa.

Kuna na aina nyingine ya kuzima taa, ya bei rahisi: kufuta tu. Kapteri ya oksijeni imekufa, fundi anachomeka skana, anafuta, analipwa, na kisha siku 3 taa inarudi. Ao anaandika kalkilateri isiwashe taa kabisa. Hapo gari imekuwa sawa na mgonjwa aliyekatazwa kusema anaumwa.

Jua na hili: kuandika kalkilateri ni kazi ya dakika ambayo haipendi kukatwa. Bateri ikishuka katikati, kalkilateri inaweza kukufa pale pale, na gari haiwaki tena. Fundi wa kweli anaunganisha kwanza chombo cha kushika umeme wa bateri sawasawa. Katika mji ambako umeme unakwenda na kurudi unavyotaka, chombo kinachotegemea ukuta peke yake hakitoshi. Tena vile vibwati vidogo vya kuchomeka chini ya dashibodi vinavyouzwa kwa dola chache na kuahidi kupunguza mafuta, viache pale pale. Watu wamevifungua: ndani kuna taa ya kumetameta, na hakuna kitu kinachoandika kalkilateri.

Mafuta kidogo: tuanzie wapi

Gari ya turbo ya mazutu iliyofanyiwa kazi nzuri inaweza kupunguza matumizi kidogo, kwa sababu inavuta chini na sheferi anabadilisha vitesi mapema. Lakini sheferi aliyepewa nguvu mpya anaitumia. Mguu ndio unaokunywa.

Kwa mwenye Probox anayelalamika kwamba esansi inakwisha upesi, kuna njia ya bei ndogo. Wafundi wengi wametosha termostati, ile wengine wanaita kalostati, wakisema inchi yetu ni ya joto na haihitaji. Katika gari ya kabureteri, madhara hayakuonekana sana. Katika gari ya kalkilateri ni kosa: maji hayafiki joto lake, hasa asubuhi ya Butembo, kalkilateri inafikiri motere iko baridi bado, na inaongeza esansi safari nzima. Inatii tu. Rudisha termostati. Badilisha filtri ya hewa, vumbi letu linaimaliza mbio. Pima upepo wa pine. Kapteri ya oksijeni iliyokufa, inunuliwe. Baada ya hapo, hesabu litri kwa juma mbili, uandike katika kaye.

Na kama bado unataka laptop, na gari yako iko na turbo nzima, muulize fundi mbele ya kulipa: faili ya mwanzo ya gari yangu utaiweka wapi? Akikujibu kwamba hakuna haja, usimwachie funguo. Akikubali, mwambie aiweke kwenye ufunguo wa USB ukae nao nyumbani, pamoja na karatasi za gari. Uliza atapunguza nini kwa ajili ya mwinuko wetu, na ataongeza asilimia ngapi. Mwenye kujibu 10 ao 15, na kutaka kwanza kuona injekteri, ambreyaji na mafuta ya motere, ndiye wa kusikiliza.

Kwa gari ya okazio kutoka Ulaya, maswali hayo yaulizwe kwa muuzaji pia. Mwenyewe wa kwanza anaweza kuwa alikwisha kuifanyia riprogramasio huko, na faili juu ya faili ndiyo njia fupi ya kuvunja turbo. Skana nzuri inaweza kusoma programu na kuilinganisha na ile ya kiwanda. Dakika 20 za kazi hiyo ni bei ndogo kuliko motere.